Kikombe Kimoja cha Maji

Mama Povu alikuwa amepiga magoti nyuma ya mashine ya kufulia, ananusa tundu la maji machafu kwa mara ya nne asubuhi ile. Bado linanuka. Alishalisugua kwa brashi, akalimiminia siki, akafuatisha maji ya moto. Hata mpira wa mashine aliuchomoa akaufua kama soksi. Mwanamke aliyepewa jina kwa usafi wake, leo chumba chake cha kazi kinanuka choo. Aliona aibu, na zaidi ya aibu, hakuelewa.

Saa nane bwana afya angerudi. Wiki iliyopita alimwachia karatasi ya masharti: harufu ikiendelea, mashine inafungwa. Na mashine ile, ya kufulia watu nguo kwa malipo, ndiyo iliyokuwa jiko la nyumba yake.

Shemeji yake, fundi bomba, alikuja na tochi. Akamulika tundu la sakafuni, akaguna.

"Shem, mbona hapa pakavu?"

"Nakausha kila nikimaliza kufua. Nafunga tambara kwenye waya, natumbukiza."

"Nani alikutuma?"

"Karatasi inasema maji yasituame. Na mama yangu alishayasema hayo kabla ya karatasi."

Fundi alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo. "Usilolijua, shem. Huko chini bomba limepindwa kama kiwiko. Kwenye hilo pindo maji yanatakiwa yakae muda wote, yazuie harufu ya chemba ya maji taka. Hayo maji ndiyo mlango. Wewe kila siku unang'oa mlango, halafu unauliza nani kaingia."

Akamimina kikombe kimoja cha maji. Wakafungua dirisha, wakangoja. Harufu ikapungua, ikaisha. Mama Povu hakujua acheke au alie. Miezi miwili, tangu anunue mashine, alikuwa anajichafua kwa usafi wake mwenyewe.

Bwana afya alifika saa nane na nusu, jalada kwapani. Akavuta pumzi pembe zote za chumba. "Harufu hamna," akasema, akaweka alama. Kisha akainama na tochi yake.

"Humu mna maji."

"Ndiyo yanayozuia harufu, mkubwa. Fundi amenieleza."

"Maji yametuama. Kipengele cha sita."

"Nikiyatoa, patanuka."

"Kunuka ni kipengele cha tano."

"Sasa nifuate kipi?"

Bwana afya aliigeuza karatasi, akasoma na nyuma, ambako hapakuwa na kitu. "Vyote," akasema hatimaye. "Mimi sikuiandika hii, mama."

Akabandika karatasi nyekundu kwenye mlango wa mashine. Siku saba.

"Mna nguo za watu humo, mbichi. Niache nizitoe kwanza."

"Ikishafungwa imefungwa."

"Siku saba zitaoza. Zitanuka."

"Zikinuka, hilo litakuwa kosa jingine," alisema, akaliandika kabisa asije akalisahau.

Mama Povu aliangalia kioo cha mviringo. Ndani yake shuka za jirani aliyetoka kujifungua zilikuwa zimejikunja, zinachuruzika. Alichota kikombe cha maji kwenye ndoo, akainama mbele ya viatu vya bwana afya, akakimimina chote tunduni, polepole.

"Na hili liandike," akasema.