Sarafu Yenye Kivuli cha Bawa

Shangazi yangu ni fundi funguo, na macho yake ni balaa. Mteja akimlipa kwa sarafu, haitii mfukoni kabla hajaigeuza chini ya lenzi ile ile anayokagulia meno ya funguo. Watu humdhania bahili. Hawajui kwamba anatafuta ajali.

Ajali yenyewe hutokea kiwandani. Sarafu hugongwa katikati ya mihuri miwili ya chuma, mmoja wa kichwa cha mwanamke, mwingine wa ndege. Mara moja moja kisahani cha madini hukosa kuingia, mihuri inagongana mitupu, na kila mmoja unabaki na alama ya mwenzake. Sarafu zinazofuata hutoka na kivuli: upande wa kichwa unaona kipande cha ndege, hafifu, kimegeuka. Ni pesa za juzi juzi tu, dukani zinanunua kiberiti kama nyingine. Shangazi alipitia elfu tatu na ushei ndipo akapata yake ya kwanza, yenye bawa nyuma ya shingo ya yule mama aliyechorwa. Alinipigia simu analia. Mimi nikajua kuna msiba.

Tukaipeleka kwenye chama cha wakusanyaji, wanaokutana ukumbi wa maktaba kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Mwenyekiti wao, karani mstaafu wa benki, mtu wa tai na kikohozi cha heshima, aliitupia jicho moja tu.

"Mama, hii imebanwa kwenye jiliwa, bano la fundi. Mtu kaweka sarafu mbili pamoja, akakaza. Kwani wewe kazi yako nini?"

"Nachonga funguo."

"Na jiliwa unalo?"

"Ninalo."

Ukumbi mzima ukacheka. Nikataka kumpasha, lakini shangazi alinishika mkono tukatoka.

"Sarafu si kitu, mwanangu," aliniambia njiani. "Nikiitwa mghushi, nani ataniachia ufunguo wa nyumba yake?"

Wala hakukosea. Wiki haijaisha, wateja wawili walikuja kuchukua funguo zao kabla hajazigusa. Miaka ishirini na sita anauchongea mtaa ule, leo wanamkwepa macho.

Mwezi uliofuata tulirudi na jiliwa lenyewe, tumelibeba wawili kwenye gunia, mgongo wangu shahidi. Shangazi akatandika gazeti kwanza asije akachubua meza ya watu, akafunga jiliwa pembeni, akatoa sarafu mbili mpya.

"Mwenyekiti, hebu nighushie."

Mwenyekiti akakaza hadi jasho likamtoka. Sarafu ilipofunguliwa, bawa lilikuwa limemkwaruza yule mama shavuni na kwenye nywele.

"Jiliwa hubana kwanza kilichoinuka," shangazi alisema. "Sasa tazama yangu. Bawa limekaa kwenye uwanda tu, hapa palipo bapa, likifika shingoni linakatika. Kwenye muhuri uso umechimbwa ndani, kama bakuli. Mihuri ikigongana, humo hapafikiki. Shavu linabaki safi."

Lenzi ikapita mkono kwa mkono. Nani alimfundisha? Hakuna. Ameyasoma kwenye chuma chenyewe, peke yake, kibandani. Watu walipiga makofi, mimi nikapiga mpaka viganja vikaniwaka. Mwenyekiti, sitamnyima haki yake, aliomba radhi kwa sauti ya kusikika. Kisha akachomoa kwenye koti sarafu yake mwenyewe yenye bawa, ile aliyojivunia miaka tisa na iliyompa kile kiti.

"Na yangu nithibitishie, fundi."

Shangazi aliiinamia kwa muda mrefu. Nilikuwa begani kwake, nikaona: bawa limepita juu ya shavu, waziwazi. Moyo uliniruka kwa furaha. Sema, shangazi, sema!

Akaikunja ndani ya kitambaa chake, akamrudishia.

"Hii inataka taa ya benchi langu. Niletee kibandani, ukipata nafasi."

Nilimnunia njia nzima.

Mwenyekiti alikuja Jumanne, bila tai. Shangazi akamwekea taa na lenzi, akamwacha atazame mwenyewe. Mzee wa watu akatazama, akajikalia kwenye stuli ya wateja.

"Ulijua pale pale?"

"Nilijua."

"Na hukusema? Baada ya yote niliyokufanyia?"

Shangazi aliendelea kupiga tupa ufunguo wake.

"Ulinisema mbele za watu, mzee. Najua inavyouma."

Nilishindwa kumtazama shangazi usoni kwa aibu ya ile furaha yangu. Mwenyekiti akatoa mfukoni kishada cha funguo, akahangaika nacho kwa kucha, akachomoa mmoja na kuuweka juu ya benchi.

"Huo ni wa mlango wa mbele, nyumbani kwangu," alisema. "Nichongee wa pili. Nitaupitia keshokutwa."