Barua Isiyofika kwa Figo

Mfalme wa nchi ya Mwilini aliitwa Ubongo, aliishi ndani ya ngome ya mfupa, na hakuwahi kubeba hata tone la maji. Kubeba kulikuwa kazi ya wengine. Waziri Moyo aliisukuma Damu bila kupumzika, ikapeleka hewa na chakula kila wilaya na kurudi na taka. Taka hizo zilimngoja Figo, bwana maji wa nchi, aliyeiosha Damu yote mara nyingi kwa siku bila kuambiwa ahsante.

Figo alirithi sheria moja. Maji yakipungua, ikulu humwandikia barua: zuia. Barua isipofika, maji yanatosha, naye hufungua milango yatoke. Hakuwa mtu wa kukisia. Alimwamini Mfalme wake, maskini.

Ikafika sherehe ya kukumbuka kutawazwa kwa Mfalme. Mpambe wa Mfalme, Ulimi, alileta pombe, na Mfalme akanywa siku tatu mfululizo. Ikulu nzima ililewa, karani wa barua akalala na kalamu mkononi. Figo akangoja, hakuona barua, akafungua milango. Damu ikawa nzito, Ngozi akakauka, Moyo akaanza kutweta.

Mfalme alipozindukana aliita baraza. "Nani kamwaga maji ya nchi?"

"Mtukufu, funguo za milango anazo Figo," akasema Ulimi, hata hajaulizwa.

"Nilifungua mimi, Mtukufu," akasema Figo. "Barua haikuja. Shahidi wangu ni Moyo, maana barua zote za ikulu husafiri ndani ya Damu, na Damu hupita mikononi mwake."

Wote wakamgeukia Moyo. Yeye na Figo walifanya kazi pamoja tangu nchi haijazaliwa. Moyo akainamisha kichwa.

"Mimi mbebaji tu, Mtukufu. Barua sizisomi."

"Ndugu yangu, sijakuuliza zilisema nini," akasema Figo taratibu. "Nauliza kama ilipita hata moja."

Moyo hakujibu. Kimya kile kinaniuma kuliko ulevi wa Mfalme. Mlevi angalau ana pombe ya kusingizia.

Mnyonge hana haki. Ikaamriwa kwamba Damu iliyobaki ije ikulu kwanza, na mifereji ya kwenda kwa Figo ibanwe hadi ajue thamani ya maji.

"Mkininyima Damu sitaweza kuiosha," akasema Figo. "Na ni hiyohiyo mtakayoinywa."

"Huo ni uchochezi," akasema Ulimi, na baraza likafungwa.

Aliyeibana mifereji ni Moyo mwenyewe. Figo alifanya kazi kwa matone yaliyochuruzika, akadhoofu, na siku ya tatu akafa. Baadaye maji yalipatikana tele, ikulu ikatangaza kwamba shida imekwisha. Lakini hapakuwa na wa kuosha. Sumu ikajaa katika Damu, na Moyo akaendelea kuisambaza, ikulu kwanza, kama ilivyoamriwa. Ulimi akawa hasikii ladha ila uchungu. Mfalme akaanza kusahau majina ya wilaya zake.

Ndipo Moyo, mwenyewe akipiga kwa kusuasua, alipokwenda kupiga magoti.

"Mtukufu, haikupita barua hata moja. Nilijua, nikanyamaza. Figo hakukosa."

Mfalme akamkodolea macho.

"Figo ndiye nani?" akauliza. "Na wewe ni nani?"