Dokta Msabah Aisalimia Ndege

Msabah hakuwa daktari. Alikuwa akiuza miwani sokoni Darajani, Unguja, juu ya meza moja chini ya mwavuli, na kila aliyesimama pale alipimwa macho kwa kusomeshwa maandishi ya boksi la sabuni. Ukiyasoma, macho yako mazima. Yakikushinda, unauziwa miwani. Kwa elimu hiyo, watu wa mtaani kwake Kiembe Samaki, karibu na uwanja wa ndege, wakamwita Dokta. Wao walimwita kwa mzaha, yeye akaitika bila mzaha. Haukupita mwaka akawa ameliandika jina hilo juu ya mlango wa nyumba yake kwa rangi nyekundu: Dk. Msabah. Mkewe tu, Bi Ulfat, ndiye aliyeendelea kumwita Msabah tupu.

Mwaka huo, ndani ya mzigo wa miwani, akaletewa tochi ya leza. Ilikuwa ndogo kama kalamu nene, na mwali wake wa kijani, kwa maneno ya Dokta, ulifika mbingu ya kwanza bila kupumzika. Akaitia mfuko wa kanzu na kuanzia hapo hakutembea bila ya tochi ile. Akitaka samaki sokoni, hakumgusa wala hakumtaja. Alimmulika kwa mbali, kama mfalme anayechagua mtumwa. Msikitini aliwaonyeshea watu ufa wa dari mpaka imamu akamtaka aache. Jioni aliwafundisha wenzake wa barazani majina ya nyota, na nyota iliyokuwa na jina moja Jumatatu, Jumanne ilikuwa na jina jingine.

"Iweke mbali hiyo," Bi Ulfat alimwambia. "Utampofua mtu."

"Mke wangu, mimi ndiye nnayewafumbua watu macho."

Ikafika ishirini na tisa Shaabani, siku ya kuutazama mwezi wa Ramadhani. Bi Ulfat alikuwa Pemba kwenye arusi ya mpwawe, na Dokta, mwenye nyumba peke yake, akawaalika wanaume kumi na watano wapande juu ya paa lake la zege. Walikuja na kanzu zao nyeupe. Wakasali magharibi papo hapo juu, kisha wakasimama kutazama upande wa bahari, na Dokta mbele yao akiwa ameishika tochi kama fimbo ya hotuba.

"Ule pale!" akasema, akaupeleka mwali.

Watu wakaufuata mwali, wakaona wingu.

"Nyuma ya wingu," akaeleza Dokta.

"Nyuma ya wingu hata mimi nnauona," akasema Gharib, fundi cherehani, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Wakacheka wote, na kicheko kile kilimwingia Dokta kama mwiba wa samaki.

Wakati huohuo ikatokea ndege ndogo ya kutoka Pemba, taa zimewaka, ikizunguka juu ya maji ili ije kutua.

"Basi, Dokta," Gharib akasema, "mwezi umekushinda. Tuonyeshe japo ndege."

Mtu mwenye heshima zake angenyamaza. Dokta akanyoosha mkono. "Ngoja niisalimie," akasema.

Mwali ukapanda, ukatetemeka, ukakipata kioo cha mbele. Akaushikilia hapo. Ndege ikalaza bawa moja, ikayumba kama mtu aliyesukumwa, kisha injini ikanguruma, ikainua pua na kupita juu ya mapaa ya Kiembe Samaki, chini kiasi cha watu kushika kofia zao. Ikarudi baharini.

Wakashangilia. Watu wazima, wengine na wajukuu, wakapiga makofi. "Imeitikia salamu!" Gharib akapiga kelele. Dokta akainamisha kichwa kama muimbaji anayetunzwa pesa. Hapana hata mmoja aliyekumbuka kuwa ndani ya ndege mna watu.

Muda kidogo baada ya isha, teksi ilisimama mlangoni. Akashuka Bi Ulfat, kiatu kimoja mguuni, cha pili mkononi, na buibui lake limeroa matapishi ambayo, alieleza mwenyewe, hayakuwa yake.

"Si ulisema utarudi kesho kwa boti?" Dokta akauliza.

"Nlitaka Ramadhani inikute nyumbani kwangu. Nikapanda ndege." Akakaa barazani, mbele ya wanaume walewale, ambao sasa walikuwa wakinywa kahawa. "Tulikuwa tunashuka, nshaanza kuyaona mapaa. Mara ndani kukawa kijani kitupu, kama tumetiwa kwenye chupa. Rubani ni mmoja tu, mtoto wa kike, na mimi nimekaa nyuma yake. Nikamwona kaziba macho kwa mkono mmoja, anasema, 'Sioni!' Sioni, Msabah! Mtu aliyetubeba angani anasema haoni! Shahada nliileta mara tatu. Ya nne ilikatwa na bibi aliyenitapikia."

Dokta alihisi ulimi umemkauka. Lakini ulimi wake haukuwahi kukaa bure hata ukiwa mkavu.

"Mshenzi gani huyo!" akafoka. "Mtu kama huyo akatwe mkono!"

Mkono wenyewe ulikuwa mfukoni, umeikumbatia tochi. Gharib aliangalia ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna maandishi. "Pole, Bi Ulfat," walisema mmoja mmoja, wakaondoka mapema kuliko siku zote.

Siku ya nne ya mfungo, sheha wao, mkuu wa mtaa, Bi Sichana, aliita mkutano ofisini kwake baada ya alasiri. Alikuwapo askari polisi, na alikuwapo rubani, Kapteni Ummy, amevaa miwani meusi. Dokta alifika wa kwanza akachukua kiti cha mbele. Alikuwa ameshampelekea sheha ombi la kuwa mwenyekiti wa kamati ya kumtafuta mhalifu. Umeme ulikuwa umekatika, na chumba kile chenye dirisha moja kilikuwa na giza la kusinzilia.

"Shikamooni," Ummy alisema.

"Marahaba, mwanangu," sheha akamjibu. "Waeleze."

Kabla hajaeleza, Dokta akasimama. "Mimi ni mtu wa macho, naomba nisaidie. Kidoti cha tochi ni kama punje ya mtama. Kitaifanya nini ndege ya chuma? Hao ni vijana wa mtaa wa pili, au watalii. Tusitishane."

"Mzee wangu," Ummy akasema taratibu, "kidoti ni punje kikiwa mkononi mwako. Kikifika juu kishakuwa sinia zima usoni mwangu. Kikigonga kioo kinatawanyika, kioo kinakuwa ukuta wa kijani. Macho yangu yalikuwa yashazoea kiza. Nlikaa sekunde saba sioni saa ya mwendo, sioni uwanja, sioni kitu. Chini yangu zilikuwa nyumba zenu. Nlipanda juu kwa sababu juu ndiko pekee nlikojua hakuna mtu." Akagusa miwani yake. "Sijui lini nitaruhusiwa kurudi kazini tena. Jicho hili bado linauma."

Akaongeza kuwa, kabla ya kupofuka, aliona paa lenye kundi la watu waliovaa nyeupe.

Vichwa havikugeuka, lakini macho yote yalimwendea Dokta. Mkono mfukoni ukabana, na kidole, kwa mazoea yake, kikabonyeza.

Kanzu ikawaka kijani.

"Dokta," Bi Sichana akasema, "paja lako linawaka."

Bi Ulfat alisimama kutoka upande wa wanawake. Hakupandisha sauti. "Msabah. Toa mkono mfukoni."

Akautoa, na tochi ndani yake. Wakati askari anaipokea, Dokta alimgeukia jirani yake. "Gharib ndiye aliyenambia! Na wote walipiga makofi!"

"Mimi siku ile nilikuwa nashona," Gharib akasema, kafunga na midomo imemkauka. Na wale wengine, ikabainika, nao hawakuwapo. Mmoja alikuwa na homa. Mmoja alikuwa Chwaka kwa shemegi yake. Mmoja aliuliza nyumba ya Dokta iko wapi hasa, na ukuta wa nyumba hiyo alikuwa ameuegemea miaka tisa.

"Kumbe mlinipigia makofi mimi," Bi Ulfat akawaambia.

Siku ile Dokta alifuturu kituo cha polisi. Bi Ulfat alimpelekea uji na tende, akamwekea, akasubiri vyombo, akarudi navyo. Alipotoka kwa dhamana, alimuuliza mkewe kwa sauti ndogo kama kweli polisi wanatafuta mashahidi miongoni mwa abiria.

"Wanatafuta."

"Lakini mke halazimishwi."

"Sikulazimishwa. Nshajiandikisha."

Jicho la Ummy lilipona baada ya wiki tatu, akarudi kuruka. Dokta alifungwa miezi sita, na Gharib akawa anawaeleza wateja wake jinsi alivyomwonya tangu mwanzo. Ila watu wa Kiembe Samaki wakiisimulia kesi ile hawaanzi na hukumu. Wanaanza na Bi Ulfat, aliyeingia mahakamani na buibui jipya, akaapa, akasimama wima bila kutazama kizimbani. Hakimu akamuuliza ana uhusiano gani na mshtakiwa.

"Mimi ni abiria," akasema.

Hakimu akaandika, akamwambia aendelee.