Chupa ya Umeme kwa Bwana Badawi

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, nasema mapema ili msihangaike kumtafuta. Nilikuwa nimerudi Lamu baada ya miaka ya kuchochea makaa kwenye meli za watu. Ukiacha makovu, nilirudi na kitu kimoja tu: mashine ya umeme ya tabibu mmoja wa Bombay. Ilikuwa na gurudumu la kioo linalosuguana na ngozi, pamoja na chupa iliyovikwa bati ndani na nje, kifundo cha shaba kikichomoza juu ya kizibo.

Mimi nilimtaka Hadia. Baba yake, Bwana Badawi, alinitaka nirudi baharini.

"Wasema chupa yako yala umeme na kutema moto," aliniambia. "Haya. Ikitoa moto hapa ukumbini kwangu, nakuoza. Isipotoa, ndia ya bandarini waijua."

Nyuma ya pazia bangili zikagongana. Hadia alikuwa ameketi pale, na alitaka nijue.

Sasa, kwetu kitu cha thamani hakiwekwi ovyo. Yule tabibu alikuwa akiishika chupa kiganjani, nami nikamwona hana adabu. Mimi niliikausha kwanza kwa makaa ya chetezo, nikaomba sahani ya Kichina kutoka kidakani ukutani, nikatandika hariri, nikaikalisha chupa juu yake kama bibi harusi. Kifundo nikakigusisha na mashine, nikazungusha.

Nikazungusha mpaka kanzu ikaniganda mgongoni. Nikakigusa kifundo. Cheche moja ndogo, hata mbu asingeungua.

"Bwana Jeilani," akasema mzee, "umeme wako umelala, au umeona haya ya posa?"

"Bado kidogo, Bwana."

"Sakafu imeoshwa sasa hivi, nawe waiosha tena kwa jasho!"

Pazia likacheka.

Mzee akainuka, miguu mitupu kwenye sakafu ya chokaa yenye maji. "Hebu nimwone huyu mwari wako." Akaiinua chupa kutoka sahanini, kiganja chote kwenye bati, kifundo bado kimeegemea mashine. Mimi, kwa ukaidi tu, nikaendelea kuzungusha. Akanyoosha kidole cha mkono wa pili. "Na kijishaba hiki ni cha nini?"

Pwaa! Moto ukamrukia kidoleni. Kofia upande wake, chupa kwenye matakia, mzee chini anataja Mola.

Hapo akili ikanirudia. Umeme haujai ndani ya chupa mpaka ule wa nje upate pa kukimbilia, kama gudulia la shingo nyembamba: hewa isipotoka, maji hayaingii. Sahani na hariri viliufungia mlango. Kiganja cha mzee na nyayo zake mbichi viliufungulia hadi ardhini. Nikamweleza hivyo huku nikimkanda mkono.

"Basi moto ni wangu!" akafoka. "Bila miguu yangu chupa yako ni pambo. Hukutimiza neno, na juu yake umenipiga!"

"Sikukupiga, Bwana, ni ule—"

"Mkono wote ganzi! Hapana harusi!"

Bangili zikagongana tena.

"Baba," akasema Hadia, "ulisema chupa itoe moto, hukusema impige nani. Mpe mkono tuyamalize, ule usio na ganzi."