Mapigo ya Recheli

Recheli alirudi Kigwa kutoka Dar es Salaam akiwa na betri ya moyo chini ya ngozi, karibu na bega la kushoto, na kisanduku cheupe mkononi. Kila asubuhi kisanduku kile kilipaswa kusoma mapigo yake na kuyatuma hospitalini kwa mtandao. Lakini nyumbani kwake mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Ulishika vizuri dukani kwa Sadiki, karibu na stesheni, mwendo wa nusu saa. Basi akawa anakifunga kwenye kitenge na kwenda nacho huko kila siku.

Mumewe, Masolwa, hakupenda. "Watu usiowajua wanakuchungulia kifuani!"

Hata Recheli lilimsumbua hilo. Siku moja alimuuliza Ummy, nesi wa Dar, kwenye simu: "Mwanangu, mnaona mpaka nikigombana na mume wangu?"

Ummy alicheka. "Tunaona mapigo tu, mama. Ugomvi ni wenu."

Msimu wa kung'oa karanga, asubuhi moja, hajainuka hata kwenye benchi la Sadiki, simu ikaita. Alikuwa Ummy.

"Shikamoo mama. Umepata kizunguzungu?"

"Marahaba. Hapana. Jana nimeshinda shambani."

"Waya wa betri umelegea, kuna mapigo yanaruka. Daktari anataka uje leo. Usisafiri peke yako."

Masolwa aliposikia, aliguna. "Huumwi popote. Karanga zitaliwa na kunguru."

"Ziliwe," alisema Recheli, akikunja nguo zake. "Unanisindikiza, au nimwombe Imakulata wa jirani?"

Masolwa alimtazama, kisha akaenda kutafuta viatu.

Walipopita Singida, Recheli alilegea ghafla kwenye kiti cha basi, macho yakageuka. Masolwa alimkumbatia akimwita kwa jina mpaka alipozinduka. Hakutaja tena karanga.

Waya ulirekebishwa kesho yake. Waliporudi, nusu ya karanga zilikuwa zimeliwa, na Recheli alikatazwa kuinua mkono wa kushoto kwa wiki sita.

Kwenye mkutano wa kijiji alinyoosha wa kulia, akaomba mnara wa simu. Mwenyekiti akasema wataandika barua.

"Iandikeni sasa hivi," alisema Recheli, akivuta kiti mbele. "Mimi nasubiri."

Masolwa akaja akaketi kando yake.

Mwenyekiti akaagiza karatasi.