Pensheni ya Spana

Mume wangu anataka kufa, na mimi namkatalia. Msiniite katili, nisikilizeni kwanza.

Alikuwa fundi mitambo kiwanda cha nguo. Wenzake walimwita Spana, na hata mimi nikazoea. Alipokaribia kustaafu, ofisi ya pensheni ilimpa njia mbili: achukue pensheni kubwa, ila siku akifa ikatike hapo hapo, au achukue ndogo, na akitangulia yeye niendelee kulipwa mimi. Wakati huo mimi ndiye niliyekuwa hoi. Moyo umechoka, miguu imejaa maji, daktari keshamwambia ajiandae. Spana aliogopa hata kuligusia jambo lenyewe, akawa anazunguka chumbani na kalamu mkononi. Nikaona huyu atanimaliza kabla ya ugonjwa. Nikamwambia, "Chukua kubwa. Pensheni hailiwi kaburini."

Tulicheka, nakumbuka. Akatia saini.

Basi mie huyo huyo, wa kufa leo kesho, dawa zikanikubali. Akiba tuliyoiweka kwa mazishi yangu ikaishia duka la dawa, na pensheni ile kubwa ikafuata. Nikanenepa, nikarudi sokoni kwa miguu yangu. Spana ndiye aliyeanza kupungua. Uvimbe tumboni, wakapasua, wakatazama, wakafunga. Tukaenda ofisini tukaombe kubadilisha. Karani alitusikiliza kwa adabu, akasema, "Bibi, ukishachagua umechagua." Mtoto hatukujaliwa, nyumba ni ya kupanga, na ndugu zake wanatunyima hata salamu.

Kila mwaka mstaafu huenda kuhakikiwa kwamba yu hai. Safari hii nilimvalisha koti, nikampaka mafuta usoni, nikamshika kiuno mpaka dirishani. Karani akamuuliza, "Mzee, hujambo?" Spana akanitazama mimi kabla ya kujibu.

"Bado nipo," akasema.

Tuliporudi aligeukia ukuta. Nikaleta uji, akafumba mdomo.

"Mke wangu, nimechoka. Maumivu haya siyawezi. Niache nipumzike."

Mke mwema angemwacha. Mimi nilikaa ukingoni mwa kitanda, bakuli mapajani, nikalisema lile tulilokuwa tukilikwepa tangu arudi kutoka hospitali.

"Ukipumzika wewe, mimi nitakula nini?"

Aligeuka kutoka ukutani. Akanitazama, akafungua mdomo.

Tangu siku ile hakatai. Anameza kwa taabu, machozi yanamtoka, nami namfuta kwa upindo wa nguo yangu. Nampenda, Mungu anajua, na naona haya mpaka nashindwa kumtazama machoni. Majirani wananisifu: tazameni mke anavyouguza. Wanasema kufa kufaana. Huyu wangu kinachonifaa ni pumzi zake, na kila pumzi inamuuma.

Jana alimeza vijiko vichache, akapumzika, akaniuliza taratibu, "Vinatosha?"

Nikamwambia bado.