Ushuru wa Kupita Usagara

Siku hizi Kilosa inapita treni ya umeme, tena kwa kasi ambayo mbuzi wetu bado hawajaamua waikimbie au waishangae. Wenzangu wa kidato cha nne waliipanda wakaenda Dar, na wakipiga simu swali ni lile lile: "Abuu, unakuja lini?" Nawajibu, nikija nani atabaki kuwapokea mkichoka? Mimi nina bodaboda, nina ubwabwa wa shangazi, na nina shangazi mwenyewe, ambaye ni burudani kuliko televisheni na hahitaji king'amuzi.

Shangazi Ziada ndiye mtani mkuu wa kijiji chetu, Zombo. Sisi Wasagara na Wanyamwezi ni watani tangu enzi ambazo babu zao walikatiza hapa na meno ya tembo mabegani kuelekea pwani. Mtani ana ruhusa zake. Anaweza kuja kwenye harusi yako akakalia sufuria ya pilau, anaweza kuzuia jeneza njiani mpaka apewe chochote, na akikuita mpagazi mbele ya wakwe ukakasirika, mwenye makosa ni wewe. Lakini ruhusa hiyo ni ya mtani tu. Ukimfanyia hivyo mtu mwingine, hilo ni tusi, na kwetu faini yake ni kuku.

Sasa, mwaka juzi, kwa ile treni ya zamani, alishuka stesheni ya Kilosa mtu mmoja mrefu na mpole anaitwa Nikolaus, na mkewe Domina na watoto. Wakaja kulima Zombo. Alipoulizwa kabila alijibu, "Natokea Tabora." Watu wakajijazia wenyewe: Tabora, basi Mnyamwezi. Shangazi alifurahi kama aliyeletewa posa. Ila alimwacha kwanza apumue, maana alisema mtani hachinjwi akiwa amekonda.

Nyanya za Nikolaus zilikubali. Akafyatua tofali, akapandisha ukuta. Bati tulikwenda kuzinunua naye Mikumi, na njia nzima alikuwa akizishika kama zitaruka.

"Abuu," akaniambia, "hii ndiyo nyumba ya kwanza ninayojenga bila kujiuliza nitaiacha lini."

Nikamjibu kwamba ndovu wa mbugani wakija kumtembelea atajiuliza tu. Akacheka. Mimi nikadhani nimeelewa.

Siku ya kuezeka, fundi akiwa ameshapiga safu mbili, shangazi akatokea kajifunga kanga kiunoni. Hakusalimia. Akaiondoa ngazi, akailaza chini, akaikalia. Fundi akabaki juu kama kuku aliyepanda mti akasahau njia ya kushukia.

"Wewe mpagazi!" shangazi akapaza sauti. "Babu zako wamekatiza Usagara nzima na mizigo yao, hawakulipa ushuru hata wa senti. Leo utalipa wewe!"

Watu tukaangua kicheko. Nikolaus akatabasamu tabasamu la mtu anayesubiri kutafsiriwa. "Nilipe nini, mama?"

"Anauliza! Kama huna ushuru, kusanya bati zako urudi kwenu!"

Mimi nilikuwa bado nacheka, ndiyo maana nilichelewa kuona. Uso wa Nikolaus ulikuwa umezimika. Alimshika shangazi mkono akamwinua, kwa adabu kabisa, akasimamisha ngazi, akamwambia fundi ashuke, kazi imetosha. Kisha akaingia ndani ya nyumba yake isiyo na paa.

Kesho yake asubuhi Domina alinisimamisha barabarani.

"Shemeji, Niko yuko juu anang'oa bati. Anasema bati zinahamishika, hasara ni ukuta tu."

"Kwa ajili ya maneno ya shangazi? Shemeji, ule si utani?"

"Utani na nani? Sisi si Wanyamwezi. Tumezaliwa Ulyankulu, huko huko Tabora, kambi ya wakimbizi. Wazazi wetu walikimbia mauaji Burundi. Uraia tumepewa tukiwa watu wazima, na siku ile Niko alicheza mpaka akakata viatu. Lakini hilo 'rudi kwenu' amelisikia tangu darasa la kwanza. Na huko kwenyewe hajawahi kufika."

Niligeuza pikipiki nikamkuta shangazi anapeta mchele, nikamweleza yote.

Ungo ukasimama. "Kwa hiyo si mtani."

"Si mtani, shangazi."

"Na mimi nimemwambia arudi kwao."

Akainuka, akaanza kumkimbiza kuku uani, mama wa umri ule. Nilipotaka kumsaidia akanifukuza: faini hukamatwa na mwenye kosa. Tukapanda bodaboda watatu, kuku akiwa katikati.

Nikolaus alikuwa juu ya ukuta na nyundo, bati tatu zimeshalala chini. Alipomwona shangazi alishuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nilikutania bila haki. Faini yako hii hapa." Akamkabidhi kuku. "Sasa nisikilize. Unajua mimi ni Msagara?"

"Najua."

"Kwa mama yangu, na kwetu ukoo hushikwa kwa mama. Lakini babu mzaa baba yangu alitoka Msumbiji kwa miguu, akaja kukata mkonge Rudewa. Mkonge ukafa, yeye akabaki. Wangemrudisha kwao, leo ningekuwa nawasumbua watu kwa Kireno."

Nikaruka. "Shangazi! Kumbe hata mimi?"

"Wewe nyamaza, kwenu ni kwenye bodaboda."

Nikolaus hakucheka. Alikuwa akimtazama kuku. "Kwa hiyo, mama, mimi hapa sina mtani."

"Huna."

"Na siku nikifa, jeneza langu litapita hivi hivi tu, hakuna wa kulizuia?"

Shangazi aliigeukia ngazi. Akaiweka sawa, ingawa ilikuwa sawa.

"Watani hawakushuka na mvua," akasema. "Hao Wanyamwezi walikuwa wanapita tu, na utani ukaanza. Wewe hukupita, umefika. Ukitaka tunaanza leo. Lakini utani ni wa pande mbili. Mimi nikisema na wewe ukinyamaza, nitakuwa nakuonea."

Nikolaus akampima kuku mkononi, akamgeuza huku na huku, akampuliza manyoya ya kifuani.

"Mama Ziada."

"Sema."

"Huyu ndiye faini, au ni mgonjwa umemleta nimpeleke zahanati?"

Domina aliziba mdomo. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini, kanga ikamfunguka, machozi yakamtoka. "Mla ndizi mkubwa wewe!"

"Na wewe mkata mkonge!"

"Ushuru bado nakudai!"

"Njoo uchukue huku juu!" Naye tayari alikuwa kwenye ngazi, bati moja kichwani.

Simu yangu ikaita. Ni Doto, mmoja wa wale wenzangu wa Dar. "Abuu, unakuja lini?" Kabla sijajibu, misumari ikaanza kugongwa tena, safari hii ikiingia.

"We Abuu, makelele gani hayo?"

"Mtani wetu," nikamwambia. "Anaezeka."